Visiwa Visivyo na Bahari: Historia ya Misitu Mikavu ya Arua na Koboko na Mafunzo Yake kwa Sera ya Mimea

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya misitu mikavu ya Arua na Koboko, katika eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, tangu mwisho wa karne ya 19 hadi leo. Aghalabu historia hiyo husimuliwa kama mteremko mmoja: zamani palikuwa na msitu, watu wakaongezeka, wakimbizi wakaja, msitu ukaisha. Makala yanadai kwamba simulizi hilo halitoshi. Misitu hii imesonga mbele na kurudi nyuma mara kadhaa kwa kufuata vita, kodi, uhamisho na biashara. Kinachotishiwa sasa ni uwezo wake wa kurudi, nao umehifadhiwa katika vilima, vichaka vya mila na miti mikongwe izaayo mbegu. Kwa kutumia dhana ya kisiwa, tunalinganisha hali hii na ile ya misitu mikavu ya mitarakwa katika visiwa vya bahari ya Atlantiki, kisha tunatoa mapendekezo manne kwa watunga sera.

Istilahi muhimu: bioanuwai, misitu mikavu, West Nile, wakimbizi, hifadhi, mila

1. Utangulizi

Tangu Robert MacArthur na Edward Wilson walipochapisha nadharia yao ya jiografia ya viumbe wa visiwani mwaka 1967, wanasayansi wa mimea wamekitumia kisiwa kama kipimo cha fikra. Kisiwa kina mpaka. Idadi ya aina za mimea ndani yake hutegemea ukubwa wake na umbali wake kutoka mahali ambapo mbegu mpya zinaweza kutoka. Kikipunguzwa, hupoteza aina. Kikitengwa zaidi, kilichopotea hakirudi kwa urahisi.

Visiwa vya Kanari, karibu na pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika, vinatoa mfano ulio wazi. Kwenye miteremko yake ya chini palikuwa na misitu mikavu ya mitarakwa iliyochanganyika na mizeituni mwitu. Baada ya visiwa hivyo kutekwa na Wakastilia katika karne ya 15, mashamba, mbuzi na mahitaji ya kuni viliiondoa sehemu kubwa ya misitu hiyo, kwa kuwa ilikuwa palepale binadamu alipopenda kuishi. Mabaki yake yamo kwenye majabali na miteremko mikali, mahali ambapo jembe lilishindwa kufika.

Afrika Mashariki ina mtarakwa wake, Juniperus procera, ambao pia huitwa mwerezi. Nchini Uganda mti huu humea katika milima ya Karamoja, kama vile Moroto, ambayo ni visiwa vya ubaridi vilivyozungukwa na nyika yenye joto. West Nile haina mtarakwa. Hata hivyo swali ambalo mtarakwa wa Kanari unatuuliza linaihusu West Nile moja kwa moja: msitu mkavu ukisalia vilimani tu, huku mashamba na makazi yakiuzunguka pande zote, je, si umekuwa kisiwa hata kama bahari haipo?

2. Mahali na mimea yake

Arua ipo juu ya uwanda ulio kwenye mgongo unaotenganisha maji ya Nile na yale ya Kongo. Kaskazini yake ipo Koboko, ambako mipaka ya Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini inakutana. Kuelekea mashariki ardhi inashuka hadi bonde la Nile, na kadiri inavyoshuka ndivyo joto na ukavu vinavyozidi. Mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, lakini kiangazi cha Desemba hadi Machi ni kikali, nyasi hukauka, na moto hupita karibu kila mwaka. Hii ndiyo sababu tunaiita misitu mikavu: miti yake imezoea kupoteza majani, kuungua na kuchipua tena.

Kwa mtaalamu wa mimea, eneo hili lina umuhimu unaozidi ukubwa wake. Hapa ndipo mimea ya ukanda mrefu wa savana, ule unaotoka Afrika Magharibi na kupita kusini mwa Sahara, inapofika karibu na ukomo wake wa mashariki na kusini. Miti kama Isoberlinia doka, Daniellia oliveri na Lophira lanceolata, ambayo mkulima wa Nigeria au Kameruni angeitambua mara moja, inapatikana Uganda katika pembe hii ya kaskazini-magharibi. Pamoja nayo kuna milama ya aina mbalimbali, migunga, mikwaju, mivumo ya bondeni, mkangazi wa savana (Khaya senegalensis), na Afzelia africana, jamaa wa mkongo wa pwani ya Afrika Mashariki. Upo pia mti wa shea wa nususpishi ya nilotica (Vitellaria paradoxa), unaopatikana Uganda, Sudan Kusini, Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Kongo, na ambao mafuta yake ni laini kuliko yale ya shea wa Afrika Magharibi.

Mwaka 1964 Langdale-Brown, Osmaston na Wilson walipochapisha uchunguzi wao wa uoto wa Uganda na uhusiano wake na matumizi ya ardhi, mengi ya makundi haya ya mimea yaliwekwa kwenye ramani. Ramani hiyo bado ni rejeleo la watafiti. Lakini ramani ni picha ya siku moja. Haikukusudiwa kutuambia kwamba msitu fulani ulikuwa shamba miaka hamsini kabla yake, wala kwamba shamba fulani lingekuwa msitu miaka ishirini baadaye. Kazi hiyo ni ya historia.

3. Mpaka unaohama, 1894–1914

Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ardhi ya magharibi mwa Nile iliyokuja kujulikana kama Lado. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 eneo hilo likarudishwa chini ya utawala wa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ilihamishiwa Uganda, na Arua ikawa makao ya wilaya mpya chini ya mkuu wake wa kwanza, A. E. Weatherhead. Kwa hiyo katika muda wa miaka ishirini watu wale wale, kwenye vilima vile vile, walihesabiwa kuwa wa tawala tatu.

Kwa mazingira, kipindi hicho kilikuwa cha uporaji. Mamlaka ya zamani yalipokuwa yakiondoka na mapya hayajafika, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika. Mapema mwaka 1910 msafara wa Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, ulipiga kambi kando ya Nile kutafuta kifaru mweupe wa kaskazini kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kifaru huyo alikuwa ametoweka Uganda. Jina Rhino Camp limebaki, na leo ni jina la makazi ya wakimbizi. Mahali palipopewa jina la mnyama aliyekosa hifadhi pamekuwa hifadhi ya watu.

Kutoweka kwa wanyama wakubwa kuna maana kwa mimea pia. Ndovu huvunja miti na kusambaza mbegu. Kifaru mweupe hula nyasi na kupunguza nguvu ya moto. Savana iliyopoteza wote wawili inabaki na watawala wawili tu: moto na binadamu. Upande wa pili wa Nile mambo yalikwenda kinyume. Huko serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa sababu ya ugonjwa wa malale, ardhi iliyoachwa ikarudi kuwa pori, na mwaka 1952 sehemu yake ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Mgeni anayeizuru leo hudhani anaona asili isiyoguswa, kumbe anaona pia matokeo ya watu kuondolewa.

4. Vilima, vichaka na tumbaku

John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliwakuta watu wakiishi kwa msongamano mkubwa kwenye uwanda wa juu. Aliandika kuhusu asili yao kama wanavyoisimulia wenyewe: mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, na milima miwili inayohusishwa nao, Liru ulioko Koboko na Eti, ambao siku hizi huitwa Wati. Aliandika pia kuhusu waombaji mvua na vichaka walimotunzia vyungu vya mvua, vichaka ambavyo si kila mtu aliruhusiwa kuingia wala kukata mti.

Mtafiti wa bioanuwai hana budi kuisoma ethnografia hiyo kwa jicho la pili. Pale ambapo mwanaanthropolojia aliona ibada, sisi tunaweza kuona pia hazina ya mbegu. Kichaka kisichokatwa, katikati ya uwanda unaolimwa, ni kisiwa kidogo cha miti mikongwe. Mlima wa mababu ni kisiwa kikubwa zaidi. Hatudai kwamba wazee waliweka miiko hiyo kwa nia ya kuhifadhi bioanuwai. Walikuwa na sababu zao, nazo zilihusu mvua, mamlaka na wafu. Lakini matokeo yake kwa mimea hayategemei nia.

Utawala wa kikoloni ulileta mambo mawili yaliyobadilisha uwiano huo. La kwanza ni kodi, iliyowafanya vijana wengi wa West Nile kwenda kusini kufanya kazi za vibarua, zikiwemo za mashamba ya miwa. La pili ni zao la tumbaku, lililokuja kuwa chanzo kikuu cha fedha kwa kaya nyingi za Arua, Maracha na Koboko. Tumbaku inayokaushwa kwa moto hula kuni mara mbili: kwanza msitu hufyekwa kupata shamba jipya lenye rutuba, kisha miti hukatwa kulisha tanuri. Jibu la idara na la wanunuzi lilikuwa kuwahimiza wakulima wapande mikaratusi. Mikaratusi ilipunguza haja ya kukata miti ya asili, na hilo tusilidharau. Lakini ilianzisha pia mazoea ambayo bado yanatusumbua: kuhesabu miti bila kuuliza ni miti gani.

5. Msitu wakati watu hawapo, 1979–1986

Serikali ya Idi Amin, aliyekuwa na asili ya Koboko, ilianguka Aprili 1979. Kuanzia mwishoni mwa 1980 kisasi cha kijeshi kiliikumba West Nile, na sehemu kubwa ya wakazi wakakimbilia Zaire na Sudan. Barbara Harrell-Bond aliyaeleza maisha ya wakimbizi hao kusini mwa Sudan katika kitabu chake cha 1986, na baada ya mwaka huo wengi walirejea kwa makundi.

Kwa historia ya mimea, miaka hiyo ni jaribio lisilotakiwa na yeyote. Mashamba yaliachwa. Matanuri ya tumbaku yalipoa. Waliporudi, watu walilazimika kufyeka upya ardhi waliyoiacha ikiwa safi. Vichaka vilivyowakaribisha havikupandwa na mtu: vilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya mashamba. Tofauti na kisiwa cha bahari, ambako mtarakwa uliong'olewa husubiri mbegu itoke mbali, savana ya West Nile huweka sehemu ya akiba yake ardhini.

Hata hivyo akiba hiyo ina masharti. Kwanza, kisiki huchipua ikiwa hakijang'olewa. Pili, kinachochipua ni kile kilichokuwapo. Aina iliyotoweka kabisa katika kijiji haizaliwi na kisiki cha mwenzake. Tatu, si miti yote inayokomaa kwa mwendo mmoja. Mti wa shea huchukua takribani miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Muda wa miaka sita au saba unatosha kuleta kichaka, lakini hautoshi kuleta tunda.

6. Wakimbizi na hesabu ya kuni

Historia iliwageuzia watu wa West Nile zamu. Waliopokewa Yei na Aru wakawa wapokeaji. Makazi ya Lobule yalifunguliwa Koboko mwaka 2013 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Vita vya Sudan Kusini vilipozuka upya Julai 2016, makazi ya Bidi Bidi yalianzishwa Yumbe mwezi wa nane, na Imvepi ikafunguliwa tena mwanzoni mwa 2017. Katika muda mfupi Bidi Bidi pekee ilikuwa na zaidi ya watu 200,000.

Hesabu ya kuni ni nyepesi kuifanya na nzito kuibeba. Tathmini ya FAO na UNHCR ya mwaka 2017 huko Bidi Bidi ilikadiria matumizi ya kilo 3.5 za kuni kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa watu 200,000 hiyo ni zaidi ya tani 250,000 kwa mwaka, zikitoka katika eneo linalofikiwa kwa miguu. Anayezibeba kichwani kwa kawaida ni mwanamke au msichana, naye ndiye hukutana na mwenyeji aliyekasirika.

Takwimu hizi zimetumika kujenga hoja kwamba wakimbizi ndio waliomaliza misitu. Tunaitilia shaka hoja hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: tumbaku, kilimo na biashara ya mbao zilitangulia kwa miongo mingi. Ya pili ni ya kibotania: kuni za kupikia zaweza kuwa matawi makavu, ilhali nguzo za kujengea ni miti michanga iliyonyooka, yaani kizazi kijacho cha msitu, na magogo ya biashara ni miti mikongwe, yaani wazazi wake. Mahitaji haya matatu hayana athari sawa, wala wahusika wake si wale wale. Sera inayoyachanganya yote chini ya neno "ukataji miti" humwadhibu mbeba kuni na kumwacha mwenye lori.

7. Gogo, mkaa na sheria

Sheria hazikukosekana. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 ndiyo msingi wa Mamlaka ya Taifa ya Misitu na ya mgawanyo kati ya hifadhi za serikali kuu na zile za serikali za mitaa. Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama ulikubali kuiweka miti ya Afzelia na Pterocarpus ya Afrika, pamoja na Khaya, katika Kiambatisho cha Pili, ili biashara yake ya kimataifa ifuate vibali. Mei 2023 Agizo la Rais Na. 3 lilipiga marufuku uzalishaji wa mkaa wa kibiashara kaskazini mwa Uganda.

Tatizo ni kwamba sheria hizi hukutana na gogo likiwa barabarani, si mti ukiwa umesimama. Arua na Koboko ni njia za mbao kutoka nchi tatu. Gogo likishafika mjini, ni vigumu kuthibitisha limekatwa upande upi wa mpaka. Sehemu kubwa ya miti ya asili iliyobaki nje ya hifadhi imo katika ardhi za kimila, ambako mwenye shamba hupewa malipo madogo kwa Afzelia iliyotumia maisha ya babu yake kukua. Kwa mwenye ada ya shule ya kulipa, malipo hayo si madogo. Hapo ndipo hasara ya taifa inapopatikana kwa bei ya dharura ya kaya moja.

Jambo la mwisho ni lugha. Kumbukumbu za mimea ya eneo hili zimo katika Kilatini na Kiingereza. Maarifa yake yamo katika Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa na Kimadi. Kiswahili, kinachosikika masokoni Koboko na Arua tangu enzi za majeshi ya kikoloni, na ambacho baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, hakina majina thabiti ya miti mingi ya savana hii. Afisa wa mpakani anayetumia Kiswahili hana neno moja linalotofautisha gogo linalohitaji kibali na lisilohitaji. Kwa wataalamu wa istilahi, hilo ni pengo lenye gharama.

8. Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne. Mosi, ulinzi uanze na miti mama: kila kata iorodheshe miti mikongwe ya Afzelia, mkangazi na shea iliyosimama, na mwenye ardhi alipwe kwa kuitunza, kwani malipo ya kila mwaka ndiyo pekee yanayoweza kushindana na bei ya gogo. Pili, vilima na vichaka vya mila, hasa Liru na Wati, vitambuliwe kisheria kwa makubaliano na koo husika, bila kuziondoa koo hizo katika usimamizi. Tatu, miradi ya kurudisha uoto ndani na pembeni mwa makazi ya wakimbizi itangulize kulinda visiki vinavyochipua kabla ya kupanda miche, na ripoti zake zitaje aina za miti, si idadi pekee. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na vyuo vya eneo hili, iandae orodha ya majina ya miti ya savana ya kaskazini, ikikopa kutoka lugha za wenyeji kabla ya kubuni.

9. Hitimisho

Misitu ya mitarakwa ya Kanari ilipungua hadi ikabaki kwenye majabali, na leo jitihada za kuirudisha zinategemea mabaki hayo. Arua na Koboko bado hazijafika hapo. Visiki vingi bado vi hai, vilima bado vina miti, na wapo wazee wanaojua jina la kila mmoja. Lakini watu waliotoka uhamishoni baada ya 1986 walikuta msitu ulioweza kurudi kwa sababu wazazi wake walikuwa wamesimama bado. Wakimbizi wa Sudan Kusini watakaporejea kwao, na mashamba waliyoyaacha Imvepi na Bidi Bidi yatakapopumzika, jibu la kama patarudi msitu au kichaka cha aina chache litakuwa limeshatolewa na maamuzi yanayofanywa sasa kuhusu miti inayozaa mbegu.